Ya kupanda ilikohoa, ya kushuka iliimba

Kengele ya shule yetu ya msingi ilikuwa kipande cha reli. Kilining'inizwa kwa waya mnene kwenye tawi la mwembe, na mwanafunzi wa zamu alikigonga kwa boliti kubwa yenye kutu. Urefu wake ulikuwa kama mkono wa mtu mzima. Ukipapasa pembeni kilikwaruza, lakini pale juu, palipopita magurudumu, palikuwa laini kama kinu kilichotwangiwa miaka mingi.

Sikuwahi kujiuliza kimetoka wapi. Wilaya yetu ya Nachingwea haina reli, na sisi tuliozaliwa miaka ya 70 treni tuliiona kwenye picha tu. Nikiwa darasa la nne, babu mzaa mama alikuja shuleni kwenye kikao cha wazazi. Kabla ya kuingia darasani alisimama chini ya mwembe, akakishika kile chuma kwa mikono miwili, akakaa nacho kimya. Nilipomfuata kumwamkia akaniambia, "Mke wangu, huyu namfahamu. Tumefanya naye kazi."

Babu alikuwa kibarua wa gengi. Kazi yao ilikuwa kutembea juu ya njia kila siku, wakikaza boliti zilizolegea, wakirudishia kokoto zilizosombwa na mvua, wakibadilisha mataruma, yaani mbao zinazobeba reli, yaliyooza. Tangu siku ile, jioni nikienda kwake alinisimulia, na ndipo nilipojua kwamba ile njia nyoofu tuliyokuwa tukipita kwenda kuchota maji, iliyoinuka kuliko mashamba ya pande zote mbili, haikuwa njia ya kawaida. Lilikuwa tuta la reli. Kalavati lililopitisha maji chini yake masika lilikuwa la reli. Sisi tulikuwa tunafulia hapo.

Jambo moja alilirudia sana, na ndilo lililonifanya niandike haya. Alisema mtu wa gengi hakuhitaji kuiona treni ili ajue inaelekea wapi. Ya kupanda, inayotoka pwani kuja bara, ilikohoa. Kichwa kilivuta kwa shida, moshi mzito, mabehewa yamejaa matrekta, mapipa ya mafuta, saruji, vyakula vya Wazungu. Ya kushuka iliimba. Mabehewa matupu yaligongana, minyororo ikicheza, ukaisikia kutoka mbali kama ngoma ya watoto. "Nilikuwa kijana, nikaona raha," alisema. "Sikujua kwamba ule wimbo ndio ulikuwa ugonjwa wake."

Nilichukua miaka kumwelewa.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kila nilichokipata kuhusu reli ile, nikalinganisha na maneno ya babu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yake ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, ukazunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa tu, ukarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Mashamba yawe 107, kila moja ekari 30,000. Kati ya hayo, 55 yalipangiwa Jimbo la Kusini, yaani kwetu. Kongwa na Urambo ndizo zinazokumbukwa zaidi, lakini moyo wa mpango ule kwenye karatasi ulikuwa Nachingwea.

Ukipanga kutoa karanga nyingi kiasi hicho mahali pasipo na barabara ya maana, lazima uwe na reli, na reli lazima iwe na bandari. Lindi ina maji ya kina kifupi. Wakaenda kusini zaidi, Mtwara, penye ghuba ya asili yenye kina kinachofaa meli kubwa. Wakati bandari hiyo ikiandaliwa walianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari karibu na Lindi, na mwaka 1949 reli ikafika Nachingwea.

Hapa ndipo huwa nasimama kila ninaposimulia. Mpango wa karanga ulifutwa Januari 1951, ukiwa umekula pauni za Uingereza zipatazo milioni 36. Matrekta yalivunjikia kwenye visiki na mizizi, mvua haikunyesha walivyotarajia, na karanga zilizovunwa zilikuwa kidogo mno. Lakini gati la Mtwara lilikamilika mwaka 1954, na mwaka huo huo reli ikafika bandarini. Maana yake, siku treni ya kwanza inafika kwenye maji ya kina kirefu, ule mzigo uliosababisha ijengwe ulikuwa umeshakufa miaka mitatu nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 50 wakaongeza tawi la Masasi, kutafuta mzigo mwingine. Haukutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 60, uhuru ukiwa bado mchanga, njia ikafungwa na reli zikang'olewa.

Babu alikuwamo kwenye kundi lililong'oa. Boliti alizozikaza kwa miaka alilipwa kuzilegeza. Hilo hakulisimulia jioni. Aliniambia mara moja tu, tukiwa shambani, akainama akaendelea kupalilia.

Kilichofuata kila mtu wa Kusini anakijua mwilini mwake. Mwaka 1993 nilisafiri kwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, kumuuguza dada yangu. Mto Rufiji haukuwa na daraja. Tulikaa Ndundu tukisubiri kivuko siku mbili, magari yamepanga foleni hadi ukiwa mbele huoni la mwisho, akina mama wakipika kando ya barabara kwa kuni za kuokota. Tulipovuka, kipande cha nyuma yetu kuelekea Somanga kilikuwa kimewameza wengine tope hadi kwenye ekseli. Daraja la Mkapa, mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo mvua ikinyesha tulikuwa kisiwa, na hata sasa bado tuna mashaka: Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara upande wa Kilwa, Lindi na Mtwara tulirudi kuwa kisiwa tena kwa siku kadhaa.

Lakini somo la babu sikulipata kwenye foleni ya kivuko. Nililipata ghalani.

Nilianza kazi ya ukarani kwenye chama cha msingi cha ushirika miaka michache baada ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka mzigo ghalani akapewa hati yenye kilo zake, kuanza kutumika kwenye korosho. Kazi yangu ilikuwa mizani na daftari. Mkulima analeta, tunapima, tunatenga madaraja, magunia yanasubiri gari la kwenda ghala kuu. Na hapo kwenye kusubiri ndipo penye maumivu. Korosho ikikaa inakauka, uzito unapungua, tunauita unyaufu. Gari likichelewa wiki mbili, kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi hazipo tena kwenye gunia, na mzee aliyeamka alfajiri kuokota korosho zake anakutazama wewe karani kana kwamba umezila.

Msimu mmoja magari yalikuwa haba kweli. Nilimpata dereva mmoja wa semi, nikambembeleza, akanitajia nauli iliyonifanya nikae chini. Nikamwambia, kaka, barabara ni ile ile, mzigo ni ule ule, mbona mara mbili? Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, mimi kutoka Mtwara napanda tupu. Mafuta ya kupandia unadhani nayalipa na nini?"

Usiku ule sikulala. Mtu yule alikuwa amenisomea hesabu ya babu kwa maneno mengine. Gari likisafiri tupu upande mmoja, anayelipa upande ule mtupu ni mkulima mwenye korosho kwenye upande uliojaa. Hakuna siri wala hila. Tairi bado linalika, dizeli bado inaungua, utingo anataka kula.

Basi nikaanza kutafuta kinachopanda. Sikuwa na elimu ya uchukuzi, nilikuwa na daftari. Nikawauliza wenye maduka ya jumla: saruji yenu inatoka wapi, chumvi, sukari, mabati? Vingi vilitoka Mtwara, kila mtu akikodi gari lake dogo kwa wakati wake. Nikamshawishi mwenye duka mmoja apange mzigo wake wa saruji uje na semi ambalo likishusha kwake linakuja kwetu kupakia korosho. Nauli ikashuka pande zote mbili. Nilijiona nimegundua kitu kikubwa.

Safari ya kwanza ikaniumbua. Hatukuosha bodi ya gari. Magunia yalifika ghala kuu yamepaka vumbi la saruji, mpokeaji akayakataa, na mimi na vijana wanne tukakesha nje ya geti tukiyapangusa kwa matambara, gunia moja baada ya jingine, mikono imetuwasha hadi tukashindwa kushika chai. Tangu hapo gari likishusha saruji tulifagia, tukamwaga maji, tukalisubiri likauke, tukatandika turubai. Saa tatu za kazi. Nimezitaja saa hizo kwa sababu watu wa mipango huzisahau: mzigo wa kupanda na mzigo wa kushuka haviunganishwi kwa kalamu peke yake, panatakiwa mahali pa kushushia, maji, kivuli, na mtu wa kufagia.

Nikagundua pia kwamba majira hayalingani. Korosho zetu zinashuka kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka. Salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga inahitajika shambani katikati ya mwaka. Ufuta unavunwa mapema kuliko korosho, mbaazi zina wakati wake. Ukiangalia zao moja, gari lina kazi miezi minne. Ukiyaangalia yote pamoja na vya dukani, gari halikosi kitu mwaka mzima. Reli ya babu ilikuwa na zao moja, tena zao ambalo halikuota.

Mwaka mmoja nilisafiri kwa Reli ya Kati kutoka Tabora kwenda Kigoma, kwenye msiba wa shemeji. Treni iliposimama Urambo nilishtuka kulisoma jina kwenye kibao. Urambo! Ndugu yetu wa karanga. Mpango ule ule, wazimu ule ule, ukafa mwaka ule ule. Lakini sisi tumebaki na tuta la kuchotea maji, Kongwa nao tawi lao limeondolewa, na Urambo treni bado inasimama. Nikachungulia dirishani kutafuta sababu, na naamini niliiona. Reli ile ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na karanga zilipokuja zilikuta njia ina kazi zake nyingine, zikafa zikaiacha na kazi zake. Tumbaku ikashika nafasi. Chumvi ya Uvinza ipo. Abiria wapo, na pale stesheni wanawake walikuwa wamepanga asali, kuku na mihogo, mtoto mmoja anakimbia sambamba na behewa akishika chenji ya abiria mkononi, hakubali kumdhulumu. Kila kimoja ni kidogo. Vikijumlishwa ndivyo vilivyoibakiza reli mahali pake.

Sasa tunazungumziwa reli mpya. Mazungumzo yenyewe si mapya: mwaka 2004 Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilikubaliana juu ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, wa kuunganisha bandari yetu na nchi zilizoko ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Reli inayopendekezwa itatoka Mtwara hadi Mbamba Bay ziwani, ikiwa na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma, jumla yake takriban kilomita 1,000. Bandari ya Mtwara imeshaongezewa gati la mita 300. Mbamba Bay nako bandari inajengwa. Mimi naitaka reli hii kwa moyo wangu wote. Nataka kuiona kabla macho hayajachoka, na nataka wajukuu wangu waipande.

Ndiyo maana kila ninaposikia sababu zinazotajwa, moyo unanienda mbio. Makaa ya mawe. Chuma. Makaa ya mawe. Ni mali kubwa, sibishi. Tangu soko la nje lilipofunguka tumeyaona malori ya makaa yakitoka upande wa Mbinga, kilomita zaidi ya 600, yakipita Songea, Tunduru na Masasi hadi bandarini, yakiilemea barabara iliyojengwa kwa miaka mingi ya kusubiri. Mzigo ule mahali pake ni kwenye reli, na hilo halihitaji mtaalamu kulisema. Lakini makaa yana bei ya dunia. Leo wanayataka kwa sababu kuna vita mahali, kesho wanaweza wasiyatake. Karanga nazo zilitakiwa sana mwaka 1946.

Vijana wa upimaji walipita kwetu na vyombo vyao, wakauliza maji ya masika yanafika wapi. Niliwapeleka kwenye kalavati la babu. Mmoja, kijana mwenye adabu, alishuka chini, akapapasa zege, akasema bado zima. Wakapiga picha. Nikamuuliza, mwanangu, stesheni itakuwa wapi? Akaniambia kazi yao ni mwinuko wa ardhi tu, hayo mengine yataamuliwa na wakubwa.

Kikao cha kata kilipoitishwa, wengi waliuliza kuhusu fidia, na walikuwa na haki. Mkorosho si mhogo. Ukiambiwa usiupande leo, umepoteza mavuno ya miaka mingi ijayo. Zamu yangu ilipofika nilifungua daftari. Nilikuwa nimechora safu mbili, KUSHUKA na KUPANDA, nikaandika kila kitu kilichopita mikononi mwangu na kila nilichoambiwa na wenye maduka. Kushuka: korosho, ufuta, mbaazi, na kwa wenzetu wa Ruvuma mahindi, na kahawa ya Mbinga. Kupanda: salfa, mbolea kwa hao hao wa mahindi, saruji, mafuta, chumvi, sukari, mabati, na bidhaa za Malawi zinazovuka ziwa. Nikasema ombi letu si kubwa. Kwenye michoro ile wekeni njia ya pembeni ya kuegesha mabehewa, ghala lenye sakafu, na maji, hapa na pale kwingine panapovunwa. Msije mkaijenga kama bomba linalotoa mali milimani na kuimwaga baharini, huku likipita juu ya vichwa vyetu.

Mzee mmoja aliyekaa mbele, mtoto wa aliyekuwa mwenzake babu kwenye gengi, aliitikia kwa kichwa taratibu. Mwenyekiti aliniomba nakala ya ukurasa ule. Nikamkatia hapo hapo, nami nikaunakili upya nyumbani.

Siku hizi naishi Masasi, nyumba yetu haiko mbali na barabara kuu. Usiku kukitulia nayasikia malori. Yanayokwenda Mtwara yanapita mazito, injini inanguruma chini, vyombo kabatini vinatetemeka. Yanayorudi Songea nayajua kabla hayajafika kwenye kona, maana bodi zinapiga kelele kwenye kila tuta la barabarani, na minyororo inacheza. Babu angeshangaa: kwake ya kupanda ndiyo iliyolemewa, leo ya kupanda ndiyo tupu. Jana niliamka nikakaa kitandani na daftari, nikahesabu tangu saa sita hadi saa nane za usiku. Yaliyorudi yalikuwa kumi na moja. Tisa yaliimba.